Taasisi ya umma Lamu ichague ERP ipi: kubwa, ya kati, huria au ya kuunda wenyewe?

Julai ndiyo mwanzo wa mwaka wa fedha, na ndipo taasisi nyingi za umma hukuta bajeti ina kifungu kilichoandikwa neno moja tu: mfumo. Anayeulizwa ni mfumo gani huwa mhasibu au kijana wa kompyuta, na mara nyingi hakuna kati yao aliyekuwamo kikaoni kifungu hicho kilipopitishwa. Ulinganisho huu nimewaandikia wao.

Kwa kuelewana, ERP ni programu moja inayobeba bajeti, leja, ununuzi, stoo, mali za kudumu na mishahara juu ya hifadhidata moja. Mtunza stoo akipokea mabomba hamsini, hesabu ya bohari inapanda na deni la muuzaji linaonekana kwenye leja papo hapo, bila mtu kuandika taarifa ile ile mara tatu. Katika ofisi ya umma kuna jambo la ziada ambalo duka wala hoteli haina: bajeti ni sheria. Mfumo unaofaa lazima ukatae kutoa hati ya ununuzi pale kifungu kinapokwisha, na uzifunge fedha tangu hati inapotolewa, usingoje siku ya kulipa. Usioweza hilo ni mfumo wa biashara, hata skrini zake zikipendeza namna gani.

Msimamo wangu nautanguliza. Kwa taasisi za ukubwa wa kwetu, katika kaunti iliyohesabiwa watu 143,920 mwaka 2019, kigezo cha kwanza ni mtu. Nani, akiwa hapa au akipatikana kwa simu siku hiyo hiyo, ataurekebisha mfumo mkandarasi akishalipwa na kupanda ndege Manda? Bei, moduli na mengine yote nayapima baada ya kupata jibu hilo.

Kwanza, pale pasipo na hiari

Idara za kaunti hazichagui mfumo wao wa hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeipa Hazina ya Taifa kazi ya kuweka mfumo wa fedha kwa serikali kuu na kaunti, na mfumo huo ni IFMIS, uliojengwa juu ya Oracle E-Business Suite. Mishahara ilikaa miaka mingi kwenye IPPD, mfumo wa zamani wa serikali, na sasa inahamishiwa kwenye mwingine, HRIS. Zabuni nazo, kuanzia mwaka 2025, zinasukumwa kuingia kwenye e-GP, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao.

Kwa hiyo ukiwa idara ya uvuvi au ya kilimo, akaja mtu na ERP kamili mkononi, muulize: vocha itakayotoka humu italipiwa wapi? Italipiwa IFMIS. Maana yake karani ataandika kila vocha mara mbili, na zikitofautiana, mkaguzi ataiamini ile ya IFMIS. Idara inafaidika na vile ambavyo IFMIS haivigusi: stoo ya dawa, mafuta ya boti na magari, matengenezo ya injini, ada za soko. Hivyo havihitaji ERP nzima.

Wenye hiari ya kweli ni kampuni ya maji, vyuo vya ufundi, bodi zenye akaunti zao, manispaa kwa kiasi fulani, na hospitali za umma, ambazo tangu sheria ya mwaka 2023 ya ufadhili wa kuboresha vituo vya afya zinabaki na mapato yao na lazima ziyatolee hesabu. Yanayofuata yanawahusu hao.

Mifumo mikubwa: SAP na Oracle

Uwezo wa mifumo hii siubishii. Mamlaka ya Bandari ya Kenya inaendesha kazi zake juu ya SAP, na kwa shirika lenye maelfu ya wafanyakazi, mitambo mizito ya kutunzwa na idara yake kamili ya kompyuta, uamuzi huo una mantiki. Mgawanyo wa madaraka ndani ya mfumo ni wa kina, kila kitendo kinaacha alama, na ripoti zinaweza kukatwa kwa namna yoyote. Mkaguzi hufurahi.

Lakini mifumo hii ina mazoea yake kuhusu namna kazi inavyofanywa, na taasisi isiyokubali mazoea hayo hulipa ghali. Mfano ambao kila bodi ya umma ingefaa kuusoma ni halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, jiji lenye watu zaidi ya milioni moja. Walikuwa na SAP tangu mwaka 1999. Kwa zaidi ya miaka ishirini waliikata na kuishona mpaka ikafuata kila desturi ya ofisi zao. Walipoamua kuhamia Oracle, makisio ya awali yalikuwa takriban pauni milioni 19, na mpango uliosemwa ni kuuchukua mfumo kama ulivyo. Ikafika kazini, kila idara ikataka desturi yake ya zamani ihamie na yenyewe.

Sehemu iliyowaangusha ni ile ya kulinganisha leja na taarifa za benki. Waliacha iliyokuja na mfumo, wakatengenezewa ya kwao. Mfumo ulipowashwa Aprili 2022, sehemu hiyo haikufanya kazi: fedha ziliingia benki na mfumo haukujua ni za nani wala za kifungu gani. Wafanyakazi walirudi kuoanisha miamala kwa mikono, hesabu za mwaka hazikufungika, na gharama ikapanda kupita pauni milioni 100. Septemba 2023 halmashauri ikatoa tangazo rasmi kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Kwa haki, mzigo mkubwa katika tangazo hilo ulikuwa madai ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi zenye uzito sawa, lakini mfumo ulitajwa pamoja nayo, na bila hesabu za kuaminika hata ukubwa wa shimo lenyewe ulikuwa mgumu kupimwa. Uamuzi wao baadaye ni kuuweka upya mfumo ule ule, safari hii bila kuukatakata.

Nimelikalia tukio hili kwa sababu kosa hilo halihitaji mamilioni ya pauni kutendeka. Hata kampuni ndogo ya maji, siku ya kwanza ya mafunzo, utasikia: "Sisi hapa fomu yetu ya kuomba masurufu ina sahihi tano, mfumo nao uwe na tano." Hakuna anayeuliza sahihi ya nne inathibitisha nini. Katika mfumo mkubwa, kila sahihi ya namna hiyo ni siku za mshauri, na mshauri hulipwa kwa siku. Mwishowe unakuwa umelipia mfumo wa kimataifa ukatengenezewa daftari lako la zamani.

Kuna na suala la sarafu. Leseni za mifumo hii hutajwa kwa dola, na bajeti yetu ni ya shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na katikati ya mwaka ule ule ikashuka hadi karibu 130. Taasisi iliyopitisha bajeti Juni kwa bei moja, ikatakiwa kulipa ada ya mwaka Januari kwa bei nyingine, ilijikuta na pengo ambalo hakuna kifungu cha kuliziba.

Uamuzi wangu hapa hauna wasiwasi: sioni taasisi inayosimamiwa Lamu leo ambayo kazi yake inahitaji SAP au Oracle ya kwake. Bandari mpya inaihitaji, na Mamlaka ya Bandari tayari inayo.

Mfumo wa kati: Business Central

Huu ndio mrithi wa Microsoft Dynamics NAV, ambayo wahasibu wa mashirika ya umma Kenya waliizoea kwa jina la Navision. Nguvu yake kubwa hapa ni watu. Mhasibu anayehamia Lamu kutoka Nairobi au Mombasa huenda ameshautumia, na mawakala wake nchini ni wengi, kwa hiyo ukikosana na mmoja unaweza kupata mwingine. Kwa kipimo changu cha mtu wa kurekebisha, hilo ni jambo zito.

Udhaifu wake ni kwamba mambo ya serikali, yaani kufunga fedha kwenye vifungu, masurufu na marejesho yake, au posho za kikao, kwa kawaida hukaa kwenye nyongeza zilizoandikwa na wakala. Ukibadilisha wakala, mpya anakuta msimbo wa mwenzake na husema ni afadhali aanze upya. Kabla ya kusaini, hakikisheni mkataba unasema msimbo wa nyongeza ni mali ya taasisi na unakabidhiwa pamoja na maelezo yake. Kwa walio bado kwenye NAV 2018, huduma kuu ya Microsoft kwa toleo hilo iliisha Januari 2023. Kuhama kwao ni lazima, kilichobaki ni kuchagua pa kwenda.

Huria: ERPNext na Odoo

Hapa ndipo ninapowaelekeza wengi, kwa hiyo nitaeleza na mabaya yake.

Odoo ilizaliwa Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP. ERPNext imetoka India, kwa kampuni ya Frappe ya Mumbai. Zote mbili unaweza kuzipakua, kuzisoma msimbo na kuziendesha kwenye seva yako bila kulipa leseni kwa kila mtumiaji. Lakini hazilingani. Odoo ina matoleo mawili, la jamii na la kulipia, na sehemu kamili ya uhasibu pamoja na usimamizi wa bajeti imewekwa kwenye lile la kulipia. Wapo wanaojaza pengo hilo kwa moduli za kujitolea, na baadhi ni nzuri, ila sasa taasisi inategemea vipande kutoka mikono mbalimbali, na Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka. ERPNext haina mgawanyo huo; leja, ununuzi, stoo na mali za kudumu vyote vimo, na mishahara iko kwenye programu dada, ambayo nayo ni huria.

Kwa taasisi ya umma kuna jambo dogo kwenye ERPNext ambalo kwangu ni kubwa. Unapoweka bajeti, unachagua kitakachotokea kifungu kikizidiwa: mfumo uzuie, uonye tu, au unyamaze. Na unachagua kivyake kwa ombi la vifaa, kwa hati ya ununuzi na kwa matumizi halisi. Weka "zuia" kwenye hati ya ununuzi, na lile ombi la simu la saa kumi jioni, "toa tu hati, bajeti ya nyongeza inakuja", linakutana na ukuta ambao si karani aliyeujenga. Anayetaka kuuvuka lazima apewe ruhusa hiyo kwa jina lake, na jina linabaki.

Sababu yangu nyingine ni mishahara. Fikiria makato yaliyobadilika Kenya ndani ya muda mfupi: viwango vya NSSF vimekuwa vikipandishwa kila Februari kuanzia 2023, ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ikaingia, ikapingwa mahakamani, ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024; Oktoba 2024 NHIF ikaondoka ikaja SHIF ya asilimia 2.75. Katika mfumo ambao makato ni fomula inayoandikwa kwenye skrini, ofisa wa mishahara aliyefundishwa hubadilisha mchana mmoja, akajaribu kwa wafanyakazi watano, akaendelea. Katika mfumo ambao makato yamo ndani ya msimbo wa wakala, unaandika barua ya kuomba bei, unangoja, na mwezi unafika wafanyakazi hawajalipwa.

Sasa ubaya. Fedha ulizookoa kwenye leseni lazima zihamie kwenye mshahara wa mtu, la sivyo mfumo utakufa. Taasisi inayosema "ni bure" na isiajiri hata mtu mmoja wa kuutunza inajidanganya, na imejichagulia mfumo mbaya kuliko wote. Mawakala wa ERPNext wenye uzoefu na hesabu za umma za Kenya ni wachache ukilinganisha na wale wa Business Central. Orodha ya vifungu inayofuata mpangilio wa serikali, na taarifa za mwaka kwa mfano wa Bodi ya Viwango vya Uhasibu wa Sekta ya Umma, ni kazi ya kupangwa. Havitoki ndani ya kisanduku. Na kazi hiyo imeongezeka, kwa kuwa tangu Julai 2024 Kenya imeanza kuhama kutoka hesabu za fedha taslimu kwenda hesabu za madeni na mali, ambapo kila jengo, pampu na deni la mteja lazima lionekane kwenye mizania.

Kuna na kishawishi cha kijana hodari. Kwa kuwa msimbo uko wazi, ataona raha kuuingia na kubadilisha kiini chake. Toleo jipya likitoka, mabadiliko yake yanagongana nalo, na taasisi inabaki kwenye toleo la zamani lisilotiwa viraka vya usalama. Ni maradhi yale yale ya Birmingham kwa bei nafuu. Nyongeza ziandikwe pembeni kama programu ya ziada, kiini kisiguswe, na sharti hilo liingie kwenye barua yake ya ajira.

Kuunda wenyewe

Mara nyingi hutajwa mfano wa Tanzania, na kweli ni mfano wa fahari: kuanzia mwaka 2019 serikali yake iliacha mfumo wa Epicor ikaanza kutumia MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani. Lakini hiyo ni serikali nzima, yenye timu ya kudumu na mamlaka ya kuagiza kila wizara ihame. Manispaa yenye mwandishi programu mmoja ikiunda leja yake haiwi MUSE ndogo. Inakuwa tegemezi kwa mtu mmoja, na siku akipata kazi Nairobi leja inaondoka naye. Undeni vitu vidogo vya pembeni, kama programu ya simu ya msoma mita. Leja msiiunde.

Seva hapa au kwenye wingu?

Wenzetu wa bara hulijibu swali hili haraka, sisi hatuwezi. Kisiwani umeme hukatika, mtandao hukatika, na hewa ya chumvi hula mabati, nyaya na bodi za kompyuta. Chumba cha seva kisicho na kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana hakidumu.

Kwa sababu hiyo wengi husema wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa mtandao, nami nakubaliana nao kwa taasisi nyingi, ila kwa masharti. Njia za mtandao ziwe mbili zisizotegemeana; tangu Starlink ianze huduma Kenya mwaka 2023, njia ya pili haihitaji tena waya wala mnara ule ule. Makaunta ya kupokea fedha yawe na utaratibu wa karatasi uliokubaliwa, wenye risiti zenye namba, kwa saa ambazo njia zote mbili zimelala. Na data ikae mahali panapokubalika: kanuni za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinataka data za watu zinazoshughulikiwa na mifumo ya kusimamia fedha za umma zipite kwenye seva iliyo Kenya, au angalau nakala moja iwe Kenya. Muuzaji wa wingu asiyeweza kuandika jina la nchi ambamo seva yake iko, msimchukue.

Seva ya hapa hapa inafaa hospitali, ambako dirisha la malipo na stoo ya dawa haviwezi kungoja mtandao urudi. Hata hivyo nakala ya akiba lazima iondoke kisiwani kila usiku, na mara moja kila robo mwaka mtu aichukue nakala hiyo, airudishe kwenye mashine nyingine na ahakikishe inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haina wa kuithibitisha.

Kuhama siku moja au kwa awamu?

Wauzaji hupenda siku moja, kwa sababu malipo yao ya mwisho huja siku hiyo. Jimbo la Queensland, Australia, liliwasha mfumo mpya wa mishahara ya wafanyakazi wa afya Machi 2010, watu karibu 80,000 kwa mpigo, kwa haraka, kwa kuwa mfumo wa zamani ulikuwa umeachwa bila huduma. Majaribio yalionyesha kasoro, na mfumo ukawashwa hivyo hivyo. Wauguzi walilipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakulipwa kabisa. Mkataba wa awali na IBM ulikuwa wa dola za Australia milioni 6 na ushei. Gharama ya jumla ya kuurekebisha na kuuendesha ilikadiriwa kufika bilioni 1.2, na mwaka 2013 tume ya uchunguzi ikaeleza hadharani jinsi ilivyotokea.

Kwa hiyo mishahara iwe ya mwisho, na kabla ya kuhama iendeshwe sambamba na ya zamani kwa miezi miwili, hati za mishahara zilinganishwe mfanyakazi kwa mfanyakazi mpaka senti. Leja na bajeti zianze tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapofunguka, kwa kuwa kuhama katikati ya mwaka kunazaa taarifa mbili ambazo lazima ziunganishwe kabla ya 30 Septemba, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu kwa Mkaguzi Mkuu.

Kabla ya yote hayo, stoo. Sisemi moduli ya stoo, nasema stoo yenyewe: ifunguliwe, ihesabiwe, kila kitu kipewe jina moja. Nimeona daftari ambamo valvu moja ya inchi mbili ina majina manne, mengine ya Kiingereza, mengine ya fundi aliyestaafu. Mfumo utayapokea majina yote manne kama bidhaa nne, na utawashauri mnunue ile iliyokwisha ilhali tatu zimejaa rafuni. Kazi ya kusafisha majina haiwezi kufanywa na mshauri kutoka mbali, kwa sababu hajui kwamba ni kitu kimoja. Anayejua ni mtunza stoo. Mpeni muda na msaidizi, na malipo ya kazi ya ziada, miezi mitatu kabla mkandarasi hajafika.

Mafunzo nayo yaanze na walio chini. Karani mkongwe wa kaunta huuliza swali ambalo wakurugenzi hawaliulizi: "Mwanangu, na hii risiti nikikosea, naifutaje?" Jibu ni kwamba haifutwi, mama, inabatilishwa kwa ingizo jingine, na yote mawili yanabaki kuonekana. Akilielewa hilo na sababu yake, mmepata mlinzi wa fedha za umma. Asipoelezwa, ataona mfumo umemtega, na atarudi kwenye kitabu cha risiti cha zamani mkandarasi akishaondoka.

Ningeshauri nini kwa kila mmoja

Kampuni ya maji: ERPNext kwa leja, ununuzi, stoo na mali, na mfumo wa bili uachwe ulivyo kwa mwaka wa kwanza, ukipeleka jumla zake kwenye leja kila usiku. Kubadilisha bili na leja pamoja ni kuwachanganya wateja na wahasibu kwa wakati mmoja, na mteja wa Shela au Langoni aliyepewa bili isiyo yake hatalipa hata ile iliyo yake. Kama kampuni tayari ina Business Central na wakala anayeitika simu, ibaki nayo. Mtu anayeitika ana thamani kuliko leseni mtakayookoa.

Chuo cha ufundi: huria pia. Odoo ya kulipia nayo inafaa hapa kama chuo kinataka ada za wanafunzi na tovuti mahali pamoja, mradi bajeti ya mwaka wa tatu iwe na ada ya leseni, kwa sababu mwaka wa kwanza kila mtu hukumbuka na wa tatu husahaulika.

Hospitali: isianze na ERP. Ianze na mfumo wa wagonjwa na stoo ya dawa, kisha leja ya mapato inayobaki nayo. Wakati fedha ni za mfumo mmoja tu, dawa kwanza.

Manispaa: ingoje. Mipaka kati ya akaunti zake na IFMIS haijatulia vya kutosha kununua kitu cha miaka kumi. Itumie mwaka huu kusajili mali zake, kuanzia mapipa ya taka hadi viwanja, kwa jedwali safi ambalo baadaye litaingia kwenye mfumo wowote.

Siku ya kuwapima wazabuni

Maonyesho ya mzabuni hufanywa kwa data yake, na kwa data yake kila kitu hufanya kazi. Wapeni yenu. Chukueni mwezi mmoja wa taarifa ya benki na ya paybili, ondoeni majina na namba za simu za wateja, na muache uchafu wote wa kweli: malipo ya M-Pesa yenye namba ya akaunti iliyokosewa, hundi iliyorudi, ada za benki zisizo na vocha, mteja aliyelipa bili tatu kwa pamoja. Ongezeni hati moja ya ununuzi inayozidi kifungu. Kila mzabuni akae mezani na karani wenu, na karani ndiye ashike kipanya, mzabuni aelekeze kwa mdomo tu. Andikeni ni miamala mingapi ilibaki bila kuoanishwa, na kama hati ile ilizuiwa au ilipita.

Kisha muulizeni atoe data yote humo ndani, leja, stoo na wadai, kwa faili za kawaida ambazo mfumo mwingine unaweza kuzisoma, na aifanye kazi hiyo mbele yenu. Muulizeni pia jina la mtu atakayepokea simu saa tatu asubuhi ya mwisho wa mwezi, na ni safari ngapi za kuja Lamu zimo ndani ya bei, nauli ya ndege na ya boti zikiwemo.

Jaribio hili na alama zake viandikwe kwenye hati ya zabuni kabla haijatangazwa, kwa kuwa sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 hairuhusu kumpima mzabuni kwa kigezo ambacho hakikuwamo.